Anajua, lakini hamalizi: mwongozo wa kumsaidia mwanafunzi mwenye ADHD

Chukua daftari la Hisabati la mtoto anayelalamikiwa, lifungue katikati, ulisome taratibu kama fundi anavyosikiliza mlio wa injini. Jumatatu tarehe ipo, Jumanne haipo. Swali la 1 hadi la 3 yameandikwa vizuri na yana vema. La 4 ni 63 − 28, na jibu lililoandikwa ni 91. Hesabu yenyewe haina kosa, ila alama ya kutoa imepita kama ya kujumlisha kwa sababu maswali matatu yaliyotangulia yalikuwa ya kujumlisha. La 5 limerukwa. La 6 limeanza likaishia kwenye alama ya sawasawa. Pembeni kuna lori lililochorwa kwa ustadi, hadi nati za magurudumu zinahesabika. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Ongeza bidii."

Mtoto huyu anajua kujumlisha na anajua kutoa. Kinachomshinda ni kukitumia anachokijua pale kinapotakiwa, kwa muda unaotakiwa, huku ameyaweka pembeni mengine yote yanayomvuta. Hapo ndipo ADHD, yaani hali ya kukosa umakini na kutotulia kupita umri, inapomwangusha mwanafunzi. Ndiyo maana pia mawaidha ya jioni sebuleni hayafiki popote. Kesho saa 4 asubuhi, kwenye swali la 4, mawaidha hayo hayatakuwapo. Msaada unaofaa ni ule unaowekwa palepale kwenye dawati, dakika ileile kazi inapofanyika. Karibu kila hatua iliyomo humu imejengwa juu ya jambo hilo.

Kinachokwama kichwani

Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayozuia, inayopanga na inayokumbusha. Kwa mtoto mwenye ADHD sehemu hiyo hukomaa kwa kuchelewa, na kemikali zinazobeba ujumbe wake, hasa dopamini, hazifanyi kazi kwa namna ya kawaida. Utafiti wa picha za ubongo uliotolewa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kuwa tabaka la nje la ubongo wa watoto hawa hufikia unene wake wa juu wakiwa na miaka 10 na nusu hivi, wakati wenzao hufikia wakiwa na 7 na nusu. Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Hailetwi na sukari, wala malezi mabaya, wala jicho la mtu. Kwa matumizi ya kila siku, chukua kanuni hii: mtoto wa miaka 10 mpangie usimamizi wa mtoto wa miaka 7, lakini mfundishe masomo ya miaka 10. Wengi hufanya kinyume chake, wakamrudisha darasa na kumwacha ajisimamie.

Darasani huonekana mambo matatu. La kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika namba ya simu wakati unatafuta kalamu, ambayo kwake huvuja haraka. La pili ni breki: jibu hutoka mdomoni kabla swali halijaisha. La tatu husahaulika sana, nalo ni hisia ya muda. Kwake "baadaye" na "kamwe" havitofautiani sana, hivyo zawadi ya mwisho wa muhula haina uzito wowote siku ya Jumanne.

Wapo pia wasiotembea wala kupayuka. Hukaa kimya, macho dirishani, na wasichana wengi wenye ADHD huwa hivyo. Kwa kuwa hawamsumbui mtu, hufika darasa la 6 wakiitwa wazito. Watafute kwa makusudi. Kwa makadirio ya kimataifa, takriban watoto 5 katika kila 100 wana ADHD, kwa hiyo darasa la wanafunzi 90 huenda lina wanne au watano, na mtukutu unayemjua ni mmoja tu kati yao.

Na ile hoja ya "mbona kwenye katuni anakaa saa nzima?" haikanushi kitu. Katuni humpa kitu kipya kila baada ya sekunde chache. Zoezi la kuzidisha halimpi.

Hatua ya 1: hesabu, usikisie

Mwalimu aliyechoka humkumbuka mtoto kwa siku yake mbaya kuliko zote. Kabla ya kumwita mzazi, pima.

Chagua kipindi cha kazi ya kuandika, si cha kuimba wala cha hadithi. Kwa dakika 20, kila baada ya dakika 2, mtupie jicho mara moja. Kama wakati uleule yuko kwenye kazi, weka vema. Kama hayuko, weka nukta. Utakuwa na alama 10. Sambamba naye mpime mwanafunzi mwingine wa jinsia hiyohiyo, wa kawaida tu, asiwe yule anayeshika namba 1. Rudia kwa siku 3, na angalau siku moja iwe baada ya mapumziko. Ukipata vema 4 zake kwa 8 za mwenzake, una jambo la kuzungumza. Ukipata 4 kwa 5, kasoro iko kwenye kipindi chenyewe, na mtoto asibebeshwe mzigo huo.

Pamoja na hayo, andika namba nne kwa kila zoezi: maswali yaliyotolewa, aliyoanza, aliyomaliza, aliyopata. Mfululizo wa 8, 5, 3, 3 ni wa mtoto anayejua lakini anakatika njiani. Mfululizo wa 8, 8, 8, 2 ni wa mtoto asiyeelewa mada, au anayekimbiza ili atoke nje. Mkalishe peke yake, mpe maswali mawili kati ya aliyokosa, umtazame anavyoyafanya. Utajua ni lipi.

Mzazi naye ana hesabu zake kwa wiki 2: agizo moja hurudiwa mara ngapi hadi litimizwe, penseli na vitabu vingapi vimepotea, kuvaa sare huchukua dakika ngapi. Kama mtoto anakwenda madrasa jioni, muulize ustadhi pia, maana huyo ni shahidi wa tatu asiyejua yaliyosemwa shuleni.

Hatua ya 2: ondoa yanayofanana na ADHD

Mengi yanajifanya ADHD, na baadhi yanatibika kwa wiki moja.

Macho: msimamishe mita 6 kutoka ubaoni, mzibe jicho moja kwa kiganja, asome herufi za ukubwa unaouandika kila siku. Rudia kwa jicho la pili. Masikio: simama nyuma yake kwa umbali wa mkono mmoja, kama sentimita 60, nong'ona namba tatu, arudie, huku sikio lisilopimwa akiwa amelibonyeza kwa kidole. Sikio linalotoa usaha liende kituo cha afya bila kusubiri kipimo.

Usingizi na njaa havihitaji mtaalamu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayelala saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri awahi basi la shule amelala saa 5 tu, na mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii, huruka. Upungufu wa damu na minyoo navyo humfanya alegee na kuzubaa, na hospitali ya kawaida inavipima.

Kuna kifafa cha aina ya kuzubaa ambacho hakina kuanguka wala kutoka povu. Mtoto anakatika katikati ya neno, macho yanaganda au kope zinapepesa kwa sekunde 5 hadi 20, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tofauti ni hii: aliyezubaa kwa ADHD ukimgusa bega anarudi. Wa kifafa harudi hadi kipindi chake kiishe, na huweza kupatwa mara nyingi kwa siku moja. Ukiliona hili, usisubiri wiki 2 za kupima.

Uliza pia kama yaliyoonekana ni mapya. Mtoto aliyekuwa mtulivu hadi Machi akaharibika Aprili hana ADHD iliyozuka. Tafuta msiba, kutengana kwa wazazi, kupigwa, au kuguswa vibaya na mtu. Angalia na umri: aliyeandikishwa mapema akawa mdogo kuliko wenzake wote mara nyingi hudhaniwa ana ADHD, kumbe ana utoto. Na kama amebadilishiwa shule, kutoka ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza, mpime kwa lugha anayoielewa kabla ya kusema hasikilizi.

Hatua ya 3: kwa daktari

Daktari atatafuta dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na kufanya pupa. Ili mtoto ahesabiwe ana ADHD, awe na angalau 6 katika kundi moja au yote mawili, zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali pawili au zaidi, na zinamharibia masomo au maisha. Mtoto mwenye fujo shuleni tu, nyumbani na madrasa shwari, hajatimiza masharti hayo. Hakuna kipimo cha damu, picha wala mashine inayothibitisha ADHD. Anayekuuzia "kipimo cha kompyuta" ana haja na pesa yako.

Tanzania, idara za magonjwa ya akili zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Jina la idara lisikutishe, ndiko daktari wa jambo hili aliko. Kenya, mbali na hospitali, kuna vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya kielimu, maarufu kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Mwalimu mkuu anajua kilicho karibu.

Beba madaftari mawili, karatasi za hesabu za hatua ya 1, kadi ya kliniki, na ripoti zote za shule tangu darasa la kwanza. Yale maneno ya walimu, "ana uwezo ila anaongea sana," "hamalizi kazi," yakiwa na tarehe, ni ushahidi kwamba hali hii ilianza mapema. Daktari hawezi kuupata kwa kumtazama mtoto dakika 15, maana ofisi ngeni humtuliza hata mtukutu.

Hatua ya 4: darasani

Usisubiri majibu ya hospitali kuanza haya. Hayamdhuru asiye na ADHD.

*Kiti.* Kila mtu husema "mweke mbele," na mara nyingi ni sawa, lakini jambo la maana zaidi ni njia yako wewe mwalimu. Mweke pale unapopita mara nyingi, mbali na mlango na dirisha la barabarani. Kwenye dawati la watu watatu akae pembeni, upande wa njia. Akikaa katikati, kila akijigeuza anawasukuma wawili, na ugomvi huanzia hapo. Jirani yake awe mtulivu anayemaliza kazi zake, asiwe kiranja wa kumsemea.

*Maagizo.* Sikiliza sentensi hii: "Toeni madaftari, andikeni tarehe, fungueni ukurasa wa 42, fanyeni swali la 1 hadi la 10, la 7 rukeni." Hayo ni maagizo matano. Akiwa bado anavuta daftari kwenye mkoba, matatu yameshapotea, kisha anamuuliza jirani, naye anaandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele. Mwite jina, subiri macho yake, toa agizo moja la maneno yasiyozidi 10, mwambie alirudie kwa sauti. Yaliyobaki yaandike kwenye kona ya ubao ambayo haifutwi kipindi kizima: *Uk. 42. Swali 1–6, 8–10.*

*Kunakili ubaoni.* Kwa mtoto huyu kunakili ni mateso, na sababu unaiona ukitazama macho yake dakika moja. Anainua kichwa, anachukua maneno mawili, anashusha kichwa, neno moja limebaki. Anainua tena, hajui alikuwa mstari gani. Mwenzake anabeba maneno sita kwa kuinua mara moja. Kengele inalia yeye ana mistari minne, na ubao unafutwa. Kisha huyohuyo anatakiwa ajisomee mtihani kwa daftari lenye nusu ya somo. Kunakili swali si Hisabati, basi mwache aandike namba ya swali na kazi yake tu. Kwa masomo ya maelezo, chagua mistari 3 ya lazima, iwekee nyota ubaoni, na mengine apate kwa kitabu au kwa picha ya daftari la mwenzake ambayo mzazi anatumiwa kwa simu. Namba ya kila mstari ubaoni, 1, 2, 3, humsaidia kurudi alipoachia.

*Kukata kazi.* Maswali 10 yagawe mafungu: 4, kisha 3, kisha 3. Akimaliza fungu anakuletea, unasahihisha palepale, anarudi. Hatua zile za kuja na kurudi ndizo zinazompunguzia kiu ya kutembea, na kosa linakamatwa likiwa moja kabla halijawa sita. Kwa tatizo la 63 − 28, kabla ya kuanza hesabu yoyote apitie ukurasa mzima akizungushia kalamu kila alama ya kutoa, kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Inachukua nusu dakika. Mazoezi ya wiki kadhaa hufanya iwe mazoea, na darasa zima linafaidika.

*Mwili.* Mpe kazi za kutumwa: kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka kitabu cha mahudhurio ofisini. Akitaka kuandika amesimama nyuma ya darasa, mwache asimame. Usimnyime mapumziko kwa sababu hakumaliza zoezi, kwani vipindi viwili vinavyofuata utavilipa wewe.

*Kujibu kwa pamoja.* Darasa kubwa lina faida yake moja. Madrasa zimelijua hili kwa karne nyingi: kuitikia kwa sauti moja hakumwachi mtu apotee. Uliza swali fupi, hesabu sekunde 3 kimya, toa ishara, wajibu wote. Au kila mtoto awe na kipande cha boksi na chaki, aandike jibu, wote wainue pamoja. Mtoto mwenye ADHD anayejibu mara 15 kwa kipindi ni tofauti kabisa na yule anayesubiri aonyeshwe kidole mara moja kwa wiki.

*Sifa.* Iwe mahususi na ije ndani ya sekunde chache: "Umeanza kabla sijakukumbusha." Lenga sifa 4 kwa kila kemeo 1. Hesabu kwa kokoto mfukoni siku moja, utashangaa uwiano wako wa sasa. Kwa kumrudisha kwenye kazi, kubaliana naye ishara ya siri, mfano kugusa kona ya dawati lake unapopita. Jina lake lisiwe ndilo linaloitwa mara 30 kwa siku, maana wenzake hujifunza kumdharau kutoka kwako.

Haya hushindikana kwa sababu moja kuu: yote huanzishwa Jumatatu, Alhamisi yamekufa. Chagua mawili, yafanye wiki 2, pima tena kama hatua ya 1. Kuanzia darasa la tatu, ambapo walimu hupokezana vipindi, wote wakubaliane mawili hayohayo.

Hatua ya 5: kadi ya kila siku

Hiki ni kimojawapo cha vyombo vyenye nguvu zaidi visivyo dawa, na ndicho kinachoharibiwa kirahisi zaidi.

Kata kipande cha karatasi ngumu cha ukubwa wa kiganja. Andika malengo 3, yasizidi 5, kila moja liwe kitu ambacho wawili wanaotazama hawawezi kubishana. "Awe mtulivu" halifai. "Anaanza kazi kabla ya dakika 2" linafaa. "Anamaliza fungu la kwanza la maswali." "Anainua mkono kabla ya kujibu, anakumbushwa si zaidi ya mara 3." Chora safu moja kwa kila kipindi. Mwalimu anaweka vema au msalaba kipindi kinapoisha, kazi ya sekunde 10, na mtoto mwenyewe ndiye anayeleta kadi.

Kiwango cha kuanzia kitoke kwenye hesabu zako. Kama sasa anamaliza fungu la kwanza mara 4 katika 10, lengo la wiki ya kwanza ni 5, lisiwe 10. Lazima ashinde mapema, la sivyo ataichana. Akifikisha malengo siku 4 katika 5 kwa wiki 2, pandisha kidogo. Akishindwa siku 3 mfululizo, shusha. Hujamdekeza, umerekebisha kipimo.

Zawadi inatolewa nyumbani jioni ileile, na si lazima iwe pesa: dakika 20 za mpira kabla ya kuoga, kuchagua mboga ya usiku, kukaa kiti cha mbele, kusukuma chapati na mama. Andaa orodha ya zawadi 6 na azibadilishe, maana zawadi moja huchosha ndani ya wiki mbili. Baiskeli ya Desemba haifanyi kazi Februari.

Yanayoharibu kadi ni haya. Mzazi kufuta vema alizopata shuleni kwa kosa la nyumbani: kilicholipwa kimelipwa. Kadi "kupotea" siku mbaya: kanuni iwe kwamba hakuna kadi, hakuna zawadi, bila ugomvi wala hotuba. Mwalimu kusahau siku ya 4: mpe kiranja mwaminifu kazi ya kukumbusha, au andika kwenye andalio la somo. Ndugu zake kununa: nao wapewe kadi zao, hata kama malengo yao ni kutandika kitanda.

Fimbo

Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaifanya kosa. Tanzania bado inaruhusiwa kwa masharti: viboko visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi. Kinachofanyika madarasani mara nyingi kiko nje hata ya masharti hayo.

Sheria pembeni, kwa mtoto huyu fimbo haifanyi kazi kwa sababu ya kiufundi. Adhabu hufundisha pale mtu anapoweza kusimama kabla ya kutenda, akakumbuka kilichompata jana. Ni breki hiyohiyo aliyonayo pungufu. Anatulia dakika 10 kwa hofu, na katika dakika hizo hasomi, anaitazama fimbo. Adhabu zinazobaki na maana ni ndogo, za haraka, zilizojulikana kabla: kurudia hatua aliyoruka, kusafisha alichochafua, kukosa alama moja ya kadi. Mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha kazi inaendelea.

Hatua ya 6: nyumbani

Arudipo shuleni ale na acheze dakika 30 hadi 45 kwanza. Kisha saa ileile kila siku, mahali palepale, runinga imezimwa na simu ziko chumba kingine. Darasa la 1 hadi la 3 afanye dakika 10 na kupumzika 3. Wakubwa 15 na 5. Mapumziko yapimwe kwa saa ya simu ya mzazi inayolia, yasipimwe kwa "kidogo tu." Mtu mzima akae karibu anachambua maharage au anakunja nguo. Kuwapo kwake kunatosha, si lazima ajue Sayansi.

Kazi ikizidi saa 1 kwa mtoto wa darasa la 4, simamisha, andika daftarini "amefanya saa 1, amefika hapa," weka sahihi. Ukimfanyia wewe, mwalimu hatajua kazi ilikuwa kubwa mno.

Mkoba ufungwe usiku, uwekwe mlangoni, ukiwa na mfuko mmoja wa plastiki mgumu wenye karatasi zote zinazokwenda na kurudi. Penseli nunua kwa dazeni, andika jina, na msigombane juu ya penseli.

Hatua ya 7: dawa

Kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea ambao hatua hizi hazijatosha, daktari huweza kuandika dawa. Inayotumika zaidi ni methilifenideti, ambayo paketi husoma *methylphenidate*. Chini ya umri huo huanzwa na mafunzo ya wazazi. Ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi kiholela, kwa hiyo kabla ya kuanza uliza kama itapatikana mfululizo na kwa bei gani.

Vidonge vya kawaida hufanya kazi saa 4 hivi. Mtoto aliyemeza saa 1 asubuhi atabadilika saa 5, na mwalimu asiyejua hilo ataandika kwamba "akitaka anaweza." Dawa hupunguza hamu ya kula na huweza kuchelewesha usingizi, hivyo apewe baada ya kushiba asubuhi, uji mzito na yai, na mlo mkubwa wa jioni uwepo dawa ikishaisha. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe kila anaporudi kliniki. Mwambie daktari kama kuna ugonjwa wa moyo katika familia. Dawa inampa nafasi ya kujifunza, haimfundishi alichokosa miaka miwili: mapengo ya kusoma na kuhesabu lazima yarudiwe.

Piritoni ya kumlaza "atulie" si tiba ya ADHD. Inamfanya asinzie, na kusinzia si kusoma.

Mtihani, na mwalimu wa mwaka ujao

Katika karatasi ya kusiliba majibu, kosa moja la mstari huhamisha majibu yote yanayofuata. Mfundishe kufanya kwa matano matano: ajibu maswali 5 kwenye karatasi ya maswali, ayahamishie, ahakikishe namba ya swali na ya mstari zinalingana, ndipo aendelee. Rula iwe chini ya mstari anaosiliba. Neno "SI" au "isipokuwa" alipigie mstari kabla ya kusoma majibu. Ombi la kuongezewa muda au kukaa chumba tulivu hupitia kwa mwalimu mkuu likiwa na barua ya daktari, na lipelekwe mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, si wiki ya mtihani.

Januari mtoto anapata mwalimu mpya, na kila kitu huanza upya kama vile hakuna aliyewahi kujua lolote. Novemba, mwalimu wa sasa aandike ukurasa mmoja tu. Juu, namba zake nne za mwanzo na za sasa. Katikati, mambo mawili yaliyofanya kazi na moja lililoshindikana. Chini, vitu vitatu anavyovipenda, kwa sababu mwalimu mpya atavihitaji kabla ya wiki ya kwanza kuisha: malori, kwa mfano, na hasa nati za magurudumu.